Darasa la Jumatano, Hombolo

Mwalimu Ndahani ana hoja, ameiandika ubaoni kwa chaki:
Kana ni divai. Waefeso ni mvinyo.
Divai, anasema, ni maji ya zabibu tu, matamu, hayajachacha;
mvinyo ndio unaomlaza mtu mtaroni.
Bwana alitengeneza ile, mtume akakataza huu.
Tunaandika. Mama Chedego analowesha ncha ya penseli kwa ulimi.

Lakini Mbeleje, aliyerudi juzi kutoka chuo cha Biblia
na miwani ambayo bado haijamzoea,
anainua kidole: Na Timotheo je, mwalimu?
Timotheo aliambiwa anywe kidogo, tumbo lilikuwa likimsumbua,
na pale pameandikwa mvinyo.
Halafu anasema jambo ambalo afadhali angelimeza:
kwa Kiyunani neno ni moja, kotekote.
Aliyeligawa ni mfasiri, mezani kwake, huku kwetu.

Kimya. Taa ya sola inapepesa.
Mzee Masinjisa anacheka puani.
Bibi yangu hakuwa na divai wala mvinyo.
Alikuwa na ujimbi wa uwele, mtungi mmoja.
Walipalilia kwa huo, waliozesha kwa huo, walizika kwa huo,
na kwa huohuo babu akamvunja mkono.
Hilo nalo utalitafutia Kiyunani?

Mimi ni mhazini. Kiyunani sina.
Nina daftari la mistari ya bluu:
zabibu, kreti arobaini na moja, mizani ya watu wa kiwandani,
fungu la kumi, risiti.
Ninajua bati lipi la paa hili lilitoka kwenye mzabibu wa nani.
Mvua ikinyesha tunakaa pakavu
chini ya kitu tunachokikataza,
na sijasikia mtu akilihubiri hilo,
wala mimi sijawahi kuliuliza. Paa lilikuwa linavuja.

Benchi la mwisho, karibu na mlango,
amekaa mdogo wangu Mulowezi.
Leo ametimiza miezi kumi na moja. Naihesabu kuliko sadaka.
Aliwahi kuuza mkasi wangu wa kupogolea
kwa vikombe vitatu, na cha nne akakopa.
Haandiki. Ameishika Biblia
kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenziwe amshikie kidogo.
Anasimama, kofia mkononi.

Naomba kuuliza. Mimi na neno hatubishani,
liwe moja, liwe mawili.
Ile Jumapili ya kikombe, kikinijia,
harufu inafika kabla ya mkono wa mchungaji.
Nikikipokea, sijui kama nitaishia hapo.
Nikikiacha kipite, watu watasema kuna dhambi nimeificha.
Nifanyeje?

Ndahani anautazama ubao.
Mbeleje anavua miwani, anaifuta
kwa shati lenye vumbi kuishinda.
Kuna mstari, naujua, kule kwa Warumi,
wa ndugu na kinachomkwaza.
Niliupigia mstari kwa kalamu nyekundu
mwaka ule nilipomtafuta usiku na tochi, tuta kwa tuta.
Ningeusoma. Lakini angejua kwamba ndiye,
na wote wangegeuka kumtazama.
Tukafunga kwa sala.

Jumamosi nilichuma vishada viwili vya mzabibu wa nyuma,
vile ambavyo ndege walikuwa wameanza kuvionja,
nikakamua kwa mkono, nikachuja kwa kipande cha kanga,
nikachemsha, povu likapanda, nikaliengua,
nikachemsha tena
mpaka pasiwe na kitu kinachomngoja mtu humo ndani.
Sikumwuliza mchungaji.
Sikumwuliza mfasiri.

Mulowezi alikunywa, akafuta mdomo,
akarudi benchi lilelile, karibu na mlango.
Mama Chedego akaninong'oneza:
Ya leo tamu mno, umenunua wapi?

Jumatatu gari la kiwanda likapiga honi.
Nikazibeba kreti zangu, nikazipanga,
nikasimama pembeni, mshale wa mizani ukitetemeka,
nikiandika.